Tawi la maktaba mtaani kwetu: pazuri, lakini mbona ni watahiniwa watupu?

Nyota tatu kwa tano. Jina la tawi sitalitaja manake huku Pwani ya Kenya tunajuana na yule dada wa kaunta sitaki aitwe na wakubwa zake aanze kuulizwa maswali, lakini ni yale matawi madogo ya maktaba ya umma, chumba kimoja kikubwa na kingine kidogo cha watoto, feni mbili, moja inazunguka nyingine ishajichokea. Kama mtaani kwenu kuna maktaba ndogo basi mengi ya hapa yatakuhusu.

Nianze na mazuri. Kimya kipo, kile cha kweli, na kwa mtu anayeishi juu ya duka la fundi wa vyuma hiyo peke yake ni sababu ya kwenda. Waifai ipo, inakuja na kwenda kama stima lakini ipo. Choo kisafi. Halafu huyo dada wa kaunta kazi yake anaijua jamani, nilimuuliza kitabu cha mambo ya mirathi na hati za ardhi, hakugusa hata kompyuta, aliinuka akaenda moja kwa moja kwenye rafu akanitolea viwili, akanambia hiki cha kijani ni cha kabla ya sheria mpya za ardhi za 2012 basi usikitegemee sana. Gugo haikwambii hivyo.

Sasa hapa ndo nilipoanza kuona tatizo. Unajua vile vitabu vina karatasi imebandikwa nyuma ya jalada wanagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha. Cha hesabu cha fomu foo karatasi imejaa mihuri mpaka wakabandika nyingine juu yake nayo ishajaa. Nikafungua cha ufugaji wa kuku, kizuri tu, kina picha na kila kitu, muhuri wa mwisho ni wa miaka ya nyuma huko, wino umefifia. Na nyumba ya tatu kutoka geti la maktaba kuna mama anauza mahamri asubuhi na nyuma anafuga kuku wa kienyeji, kila msimu wa kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, analia wameisha. Nikamwambia mama mbona huingii pale, kuna kitabu cha kuku kimekaa bure. Akacheka. "Mwanangu, kule si kwa wanafunzi? Mimi nikaingie na buibui langu la jikoni, watoto wanasoma mtihani?"

Hakuna aliyemkataza kuingia. Lakini ukiingia unaelewa kwa nini anasema hivyo, meza zote ni za watahiniwa, ukutani ni ratiba ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, karatasi za mitihani ya nyuma ndo zimewekwa mbele kabisa, na mtu akiingia bila begi mgongoni wote wanainua vichwa wanamwangalia. Mtihani ukiisha Novemba pale ndani unaweza kucheza mpira. Kwa hivyo maktaba ya mtaa mzima imekuwa ya darasa moja tu la watu, tena watu ambao mwakani hawapo.

Na hiyo si shida ya ukarimu peke yake, ni shida ya pesa. Katiba ya 2010, ile Jedwali la Nne, iliweka maktaba kwenye kazi za kaunti. Maana yake vitabu vipya, paa, feni, mshahara wa mhudumu wa pili, vyote vinagombania bajeti moja na barabara na zahanati na basari. Na kwenye vile vikao vya maoni ya wananchi nani anasimama kuitetea maktaba? Mtahiniwa ana miaka kumi na saba na yuko shule. Mama wa mahamri haioni yake. Wazee wa baraza hawajawahi kuingia. Basi inasemwa barabara, barabara, maji, taa za mtaani, kikao kinafungwa. MCA, yule mwakilishi wetu wa wadi kwenye bunge la kaunti, si mchawi, anafuata kelele ziliko.

Wenzetu wa Nairobi wamejaribu njia nyingine. Nasema Kaloleni ya Nairobi, ile ya Eastlands, sio hii yetu ya Kilifi. Kuna maktaba ndogo pale na nyingine Makadara, zote matawi ya maktaba ya McMillan, lile jengo la town lenye simba wa mawe mlangoni lililofunguliwa 1931 na mpaka 1958 Mwafrika alikuwa haingii kusoma. Shirika moja linaitwa Book Bunk, lilianzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, likaingia makubaliano na kaunti likayakarabati yale matawi madogo kwanza kabla ya lile jengo kubwa. Hapo ndo waliniweza. Mtu mwingine angeanza na simba wa town apigwe picha. Na kazi yao haikuishia rangi ya ukuta, waliweka mambo ya watoto, hadithi, sanaa, mikutano, mtu asiye na mtihani wowote akapata sababu ya kupita mlango ule.

Hapa kwetu mimi singeomba makubwa. Saa kwanza. Wanafunga saa kumi na moja jioni, yaani fundi, muuza duka, dereva wa tuktuk, wote wakitoka kazini wanakuta kufuli. Hata siku moja kwa wiki baada ya Isha ingesaidia. Pili magazeti yatolewe kule nyuma yaletwe barazani nje, pale penye kivuli, wazee waletewe benchi, watabishana ndio lakini watakuwa wanabishana kwenye maktaba. Tatu Kiswahili. Sisi ni Pwani halafu rafu ya Kiswahili ni vitabu vya kutahiniwa tu, mashairi hakuna, riwaya mbili tatu zimechanika, ilhali kuna rafu nzima ya misaada kutoka ng'ambo, vitabu vya uhasibu wa Marekani wa miaka ya themanini na hadithi za watoto wanaotengeneza sanamu za theluji. Asante kwa wema wenu lakini nani atavisoma.

Kuna watu wanasema tuanzishe chama cha marafiki wa maktaba tuchange mia mia kila mwezi. Mimi niko ndani, ila tuwe macho. Mchango wetu ununue mikeka ya chumba cha watoto, birika, magazeti. Tukianza kulipia paa na mishahara kaunti itatuambia asanteni sana endeleeni hivyo hivyo, na mtaa usio na pesa za kuchanga utabaki na magofu. Faida kubwa ya chama ni majina. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kabla ya Septemba mosi na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, kwa hivyo maoni yanatakiwa yafike kabla ya hapo, kwa barua, na wakienda kwenye kikao waende mama wa mahamri, mzee wa baraza na kinyozi, wasiende walimu peke yao. Kusubiri Juni kuanza kulalama kwenye grupu la WhatsApp ni kujichosha.

Yule mama nilimbebea kile kitabu nikaazima kwa kadi yangu. Sasa kinadaiwa, amekataa kukirudisha mpaka amalize sehemu ya chanjo, na nilipomwambia dada wa kaunta alicheka akaniongezea wiki mbili.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla watahiniwa hawajajaa, mkae upande wa dirisha, soketi za ukuta wa pili hazifanyi kazi.