Miezi minne na kifaa cha GPS kwenye pikipiki ya motokrosi: kifaa chenyewe poa, waya ndo umenitesa

Nina miezi minne na hiki kifaa na nimeshakifunga na kukifungua mara tatu, kwa hiyo nadhani naweza kukisema sasa bila kukionea wala kukipamba. Kwa asiyekijua, ni vitu viwili. Kuna kiboksi kinachokaa kwenye hendeli, hicho ndo kinasoma kompyuta ya injini na kuongea na simu kwa Bluetooth, afu kuna antena ya GPS ndogo kama kiberiti inayokaa mbele juu ya madigadi. Kikishawaka kinarekodi chenyewe, ukirudi unafungua programu kwenye simu unaona njia uliyopita, spidi, muda wa kila mzunguko, umefungua mafuta kiasi gani wapi, mpaka umeruka mita ngapi kwenye tuta. Na unaweza kubadilisha injini inavyojibu, kwenye matope ukaifanya iwe pole, kukikauka ukairudishia hasira zake.

Kufunga kiboksi ni dakika ishirini, spana namba 8, bolti mbili, basi. Karatasi ya maelekezo ni michoro mitupu na mishale ila inaeleweka. Shida ilianza pale nilipojifanya mjuaji kuliko mchoro.

Mchoro unasema antena ikae juu ya madigadi ya mbele, mi nikaona hapo itakula mawe na matope ya watu walio mbele, nikaificha chini ya tanki pembeni ya fremu, nikabana na zipu mbili nikajisifu. Siku ya kwanza naangalia programu, nimepita katikati ya miti, nimekata kona ambazo sijakata, mzunguko mmoja haujahesabiwa kabisa. Nikataka kukirudisha siku hiyo hiyo. Kumbe kosa langu. Setilaiti za GPS ziko juu huko kama kilomita 20,200, mawimbi yakifika chini ni hafifu mno, yanataka antena ione anga wazi na izipate setilaiti nne angalau ndo ijue iko wapi. Mimi nimeiwekea chuma juu, nimeiwekea tanki lenye mafuta, na juu ya tanki kuna mtu mzima na kilo zake. Plastiki haina neno, mawimbi yanapita, ila chuma hapana, na hata yale makava ya kaboni watu wanayoyapenda yanazuia vilevile, kwa hiyo usije ukaifunika nayo. Nikaihamisha mbele kama mchoro ulivyosema na laini ya njia kwenye ramani ikatulia palepale. Mawe yanaipiga kweli lakini mpaka leo inadunda.

Kingine kwa anayelinganisha vifaa kabla ya kununua, angalia kinachukua nukta ngapi kwa sekunde, yaani kinaandika uko wapi mara ngapi kila sekunde. Hiki changu ni 10. Kuna vya bei rahisi vinachukua moja tu, sasa piga hesabu, ukiwa kwenye kilomita 72 kwa saa unakata mita 20 kila sekunde, yaani kona nzima inaweza kumezwa kati ya nukta na nukta ukaonekana umeenda mstari mnyoofu. Kwa ramani ya safari ndefu porini nukta moja inatosha sana, ila kwa kupima muda wa mzunguko utajidanganya.

Haya tuje kwenye umeme, maana hapa ndo nimelia. Pikipiki ya motokrosi haina funguo, ina kitufe cha kuwasha na cha kuzima, mwisho wa habari. Nikauliza moyoni sa umeme nautoa wapi, nikaona rahisi ni betri moja kwa moja. Ikafanya kazi vizuri Jumapili nzima. Jumapili iliyofuata natoa pikipiki, nabonyeza stata, tik. Nabonyeza tena, hata hiyo tik hakuna. Kuja kupima na mita ya umeme, kiboksi kikiwa kimelala kinavuta miliampia kama 20, ambayo ni kitu kidogo sana kwenye gari, ila hizi pikipiki zina betri ya lithiamu kiduchu, yangu ni ampia-saa 2, yaani inaweza kutoa ampia 2 kwa saa moja, ukigawa unapata saa 100, siku nne na kidogo betri tupu. Na lithiamu ikishanyonywa mpaka chini kabisa huwa haisamehi, ile betri nilijaribu kuichaji ikagoma, nikanunua nyingine. Kifaa cha kunipimia sekunde kimeniulia betri.

Dawa yake ni kutafuta waya unaopata umeme pale tu kompyuta ya injini inapoamka. Unachukua mita, injini imezima, unapima waya mmoja mmoja kwenye plagi, unatafuta ulio sifuri, afu unawasha uone upi umepanda. Nilipoupata nikaunga hapo na fyuzi ya ampia 2, na fyuzi ikae karibu na chanzo cha umeme, sio karibu na kifaa, maana kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina mlinzi, kikichubuka kikagusa fremu kinawaka. Wenye pikipiki za kupiga kiki ambazo hazina betri kabisa, umeme unaotoka kwenye koili za chini ni wa kwenda na kurudi, lazima upite kwenye regyuleta yenye kuunyoosha kwanza, ukiunga hivi hivi kifaa kinakufa.

Nikadhani yameisha. Wiki ya tatu kikaanza kukata. Kinawaka, kinakata, kinawaka. Nikafuta programu nikaiweka upya, nikaunganisha simu upya, nikabadilisha simu, nikamlaumu kila mtu. Siku moja naangalia rekodi kwa hasira nikaona kinakata kwenye kona za kushoto tu. Kona ya kulia safi, kona ya kushoto giza. Nikarudi gereji nikaweka mita kwenye mlio, ile sehemu inayolia waya ukiwa haujakatika, jamaa yangu akashika ncha mbili za waya, mi nageuza hendeli taratibu, piiii, piiii, nilipofika mwisho wa kushoto kimya. Waya ulikatika kwa ndani pale shingoni, ngozi yake nzima, shaba imekwisha. Nilifunga zipu hendeli ikiwa imenyooka, sikuwahi kuigeuza mpaka mwisho pande zote mbili kabla ya kukaza. Waya ulikuwa unavutwa kila kona. Mara ya tatu nikaacha kitanzi cha kutosha, nikaupitisha na njia ya kebo ya klachi, plagi nikazielekeza mdomo chini na grisi ya umeme ndani kwa ajili ya ile mashine ya kuoshea, na tangu hapo hakijakata.

Programu yenyewe nzuri ila inakera, mara ya kwanza inataka intaneti na ufungue akaunti, sasa viwanja vyenyewe viko porini hakuna mtandao, fanya hayo nyumbani. Na ukiwasha subiri kidogo kabla ya kuondoka, setilaiti inachukua sekunde 30 kutuma taarifa zake za njia, ukichomoka mbio kabla haijashika mzunguko wa kwanza unapotea. Urefu wa kuruka usitambie nao watu pia, GPS ikipima juu na chini inakosea zaidi kuliko ikipima pembeni.

Ila kilichonifanya nisikiuze ni kitu kimoja. Miaka yote nilijua napoteza muda kwenye matuta, naogopa kuruka, kwa hiyo mazoezi yangu yote yalikuwa matuta. Kwenye programu nikaweka grafu ya nilivyofungua mafuta juu ya grafu ya spidi, matuta niko sawa tu! Kumbe nikikaribia kona naacha mafuta mapema, na breki sijashika bado, naelea tu hapo katikati karibu sekunde nzima, wala sifungui mafuta wala sishiki breki, nipo nipo. Kona nane. Nilikuwa sijui kabisa kama nafanya hivyo, na hata ungeniambia ningebisha. Nimeanza kushika mafuta mpaka alama ya breki na nimeshusha sekunde tatu na ushee kwenye uwanja uleule, tairi zilezile.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya kuvuta umeme kikiwa kimelala, mtengenezaji angeandika hata sentensi moja kwenye ile karatasi ningekuwa na betri yangu ya zamani. Kibano cha antena kimeanza kupata ufa kidogo upande wa kushoto, nacho nakiangalia.