Steshenari ya nyuma ya soko la Majengo, Dodoma: nyota tatu kati ya tano

Nyota ya nne nimeikata kwa sababu ya kuku.

Nilipeleka daftari la mkono, kurasa arobaini za maneno ya Kigogo niliyoyaokota kwa bibi yangu Bahi likizo ya Desemba. Nilitaka lichapwe, lifungwe spairo, nakala kumi za wajukuu. Bei 1,000 kwa ukurasa, karatasi nzito, na umeme ukikatika wana jenereta. Hapo sina neno.

Ila kijana aliyechapa! Niliandika *nghuku*, yeye kaweka kuku. *Nhembo* ikawa tembo. *Malenga*, ambayo kwetu ni maji, aliitoa kwenye vitu vya nyumbani akaipeleka kwa watu, jirani na mganga. Kabisa, mtunga mashairi wa mtungini. Na ile hadithi ya tembo aliyezama topeni, *idodomya*, hadi mji ukapata jina? Kompyuta ilisahihisha, ikasomeka "tembo Dodoma". Hadithi ikaisha palepale.

"Mama, ilikuwa inaleta mstari mwekundu, nikajua umekosea."

Nilitaka kumfokea, nikawakumbuka wanangu. Wamezaliwa Area C hapa mjini, Kigogo chao kinaishia kwenye salamu, "mbukwenyi". Bibi akiwasemesha wananigeukia mimi. Na mimi mwenyewe sijambo sana: bibi ana jina la kila mlenda, wa kuchuma leo, wa kukausha, wa kutwanga unga, mimi yote naita mlenda. Akienda bibi, sitajua hata cha kuulizia sokoni.

Shoga yangu husema Wagogo tuko wengi, hofu ya nini. Haya. Hapa nchini kulikuwa na lugha inaitwa Kikw'adza, leo hakuna anayekisema. Nao nadhani walianza hivihivi, mtoto anajibu kwa lugha nyingine na mzazi anaona sawa.

Kilichowaokoa hawa wa steshenari ni dada wa zamu ya mchana, mtu wa Mvumi, Mgogo mwenzangu. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, akacheka peke yake, akarudia kazi yote bila kunidai senti. Kuna maneno matatu alinibishia, kwao wanayatamka vingine. Nimeyaandika yote mawili mawili. Ameomba nakala ya kumi na moja.

Ukienda na lugha ya kwenu, nenda baada ya saa nane, na mwambie azime usahihishaji kabla hajagusa kitu. Lamineti usikubali, wanakunja pembe.