Nimenunua nakala ya mwinyi wa Goya, nikaletewa hana miguu

Niliagiza mtandaoni nakala ya picha ya Marqués de San Adrián, mwinyi wa Kihispania, ile aliyoichora Goya, mchoraji wa Uhispania, mwaka 1804. Imechapwa kwenye turubai, sentimita 40 kwa 60. Muuzaji simtaji. Ilifika kwa siku nane, imefungwa vizuri, kona hazikupondeka. Hapo sina neno.

Kasheshe ilianza nilipoitundika sebuleni. Picha yenyewe ina kimo cha sentimita 209 na upana wa 127, kwa hiyo ukiipunguza hadi upana wa 40, kimo kinatakiwa kibaki karibu 66. Wao fremu zao ni za 60, basi wakafyeka juu, wakafyeka chini, na ncha za buti zikaenda nazo. Sasa kwa picha hii miguu ndiyo habari yenyewe! Mwinyi kaegemea jiwe, mguu mmoja kaupitisha mbele ya mwenzake, kashika kitabu na kifimbo cha farasi, katulia kama mtu aliyeketi barazani akijua kahawa yake italetwa. Mkate miguu, anaonekana anaanguka.

Halafu rangi. Ile suruali ya kupandia farasi, iliyombana mapajani, kwangu ilikuja rangi ya embe dodo lililoiva.

Naishi Bilbao, kaskazini mwa Uhispania, kwa hiyo Jumamosi moja nikapanda basi hadi mji wa Pamplona kumwona mwenyewe. Yuko Museo de Navarra, jumba la makumbusho lililokuwa hospitali zamani, kando ya njia ya Santo Domingo wanakokimbizwa mafahali kila Julai. Nilisimama mbele yake nusu saa nzima. Suruali ni manjano iliyopauka, kama siagi. Ukisogea, kitambaa kinapotea, unaona brashi tu ilivyopita, kwingine nzito, kwingine mbiombio. Rudi hatua nne, mikunjo yote hiyo hapo. Nakala yangu ukiisogelea unaona vitone vya wino. Goya alipoichora alikuwa kiziwi kwa zaidi ya miaka kumi, na mimi nashuku ndiyo maana aliwasoma watu kwa jinsi walivyosimama. Huyu bwana baadaye alimtumikia Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon, Mfaransa aliyewekwa kuwa mfalme wa Uhispania. Ukimtazama hushangai: anastarehe popote.

(Ukienda, usitoke bila kuona kikasha cha pembe za ndovu cha monasteri ya Leyre, kina zaidi ya miaka 1000 na maandishi ya Kiarabu ukingoni. Nilikizunguka mara tatu.)

Nilimwandikia muuzaji nikamtumia picha ya buti. Alirudisha nusu ya pesa, wala hakubishana. Nampa nyota mbili, zote za ufungaji.

Mkewe, Marquesa de Santiago, Goya alimchora mwaka huohuo, kimo kilekile. Yeye yuko jumba la makumbusho la Getty, Los Angeles. Nataka niwakutanishe kwenye ukuta wangu, ila safari hii nitauliza kwanza: fremu zenu zinaishia sentimita ngapi?