Mashine ya kunolea ya maji: uzoefu wangu wa miezi 14 katika karakana yangu Majengo, Mombasa

Nina patasi ya inchi moja aliyonipa ami yangu nilipoanza ufundi, na kwa miaka mitatu ilikaa kwenye droo bila kazi. Niliiunguza mwenyewe. Ilikuwa Ramadhani, mteja anataka milango yake kabla ya Idi, nami nikaona kinoo kinanichelewesha. Nikavuka barabara kwa jirani yangu anayechomelea mageti, nikamwomba grainda yake ya mezani. Cheche zikaruka, makali yakatoka kwa dakika moja, nikamshukuru nikarudi mbio. Nilipoifuta ndipo nikaona ncha imeingia buluu. Jioni ile, kwenye mvule, makali yalijikunja kama bati. Ami aliishika, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Mwanangu, hii umeipika."

Aliyoyasema ndiyo yenyewe. Grainda ya mezani huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na ncha ya patasi ni nyembamba, haina mahali pa kupelekea joto. Chuma cha kawaida cha patasi kikigeuka rangi ya majani makavu kimeshapita nyuzi 200 za Selsiasi. Kikifika buluu kinakaribia 300, na ugumu wake pale umekwisha. Kukichovya majini baadaye hakurudishi kitu. Naandika haya kwanza kwa sababu mafundi wengi hapa mjini bado wananoa hivyo, kisha wanalaumu patasi kuwa ni ya bandia.

Mashine niliyonunua ni ya aina nyingine kabisa. Jiwe lake ni pana, kipenyo cha milimita 250, linazunguka polepole, mara 110 hivi kwa dakika, na sehemu ya chini imo ndani ya karai la maji. Upande wa pili kuna gurudumu la ngozi la kung'arishia. Mtindo huu umepata sifa kupitia Tormek, kampuni ya Uswidi iliyoanza mwaka 1973. Yangu si Tormek, bei yake sikuiweza. Ni ya kuiga, jina sitalitaja, na ilinigharimu shilingi 34,000 mpaka kufika mlangoni. Kitu kimoja nilikihakikisha kabla ya kulipa: chuma cha kuegemezea kiwe cha milimita 12, ili vishikizi vya Tormek, yaani vibanio vinavyoshika chombo wakati wa kunoa, viingie. Vimeingia. Kishikizi cha patasi nilikinunua peke yake baadaye, na nakisifu kuliko mashine yenyewe.

Ilikuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo. Nilikata, nikafunga plagi yetu ya miguu mitatu, na fyuzi nikaweka ya ampea 3 badala ya 13, maana mota ni ya wati 200 tu na haivuti hata ampea moja.

Sasa kazi. Unafunga patasi kwenye kishikizi, unapaka mlalo wake, ule uso ulioinama kuelekea makali, kalamu nyeusi ya wino, unazungusha jiwe kwa mkono mara moja. Wino ukifutika chini karibu na kisigino, umeegemeza vibaya. Ukifutika nchani tu, vilevile. Unarekebisha mpaka ufutike mlalo mzima. Hapo washa. Maji yanapanda na jiwe, yanagonga chuma na kushuka. Ujanja nilioujua baada ya wiki mbili ni kuyatazama hayo maji. Makali yakiwa bado butu, maji yanagota na kuishia chini yake. Makali yanapolikuta jiwe sawasawa, utando mwembamba wa maji unapanda juu ya patasi, unakimbia mgongoni kuelekea kwako. Ukipanda upande wa kushoto tu, sukuma kidole kulia. Nimemfundisha hivyo kijana wangu wa kazi na siku ya tatu alikuwa ananoa bila kuniita.

Kisha unapitisha kidole mgongoni mwa patasi na kuhisi ule ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, mkwaruzo mdogo mno, mwepesi kama gamba la dagaa. Usipousikia upana mzima, hujamaliza. Ukiusikia, unalainisha jiwe kwa kipande cha jiwe la kusawazishia, upande wake laini, na jiwe lile lile linalokata kama namba 220, yaani kwa ukwaru, linaanza kufanya kazi laini ya karibu namba 1000. Halafu gurudumu la ngozi na dawa yake ya kung'arishia, na hapa zingatia: kwenye ngozi, gurudumu lazima lizunguke likikimbia makali, kamwe lisiyaendee. Likiyaendea litachanwa.

Mlalo naupa pembe ya nyuzi 25 kwa patasi za kukwangua na visu vya randa, nyuzi 30 kwa juba, ile patasi nene ya kuchimbia matundu, na kila kinachopigwa nyundo. Mvule unadai hizo 30. Wanaoufanyia kazi wanajua kwamba ndani yake mara nyingine kuna chokaa iliyoganda, jiwe kabisa limejificha kwenye mbao, na huling'amui mpaka randa ipige kelele na kisu chake kimeguke. Zamani pengo la namna hiyo lilikuwa saa nzima ya kinoo. Siku hizi ni dakika kumi na tano, na kisu kinatoka kimenyooka, hakijaliwa upande mmoja.

Jambo la Mombasa ambalo kijitabu cha mashine hakikuniambia ni maji. Kisima chetu hapa, kama visima vingi vya kisiwani, kina chumvi. Mwezi wa kwanza niliyatumia hayo, nikiamka asubuhi nakuta patasi zilizonolewa jana zina madoa ya kutu ya rangi ya chungwa palepale penye makali. Nikadhani ni chuma kibaya. Ni chumvi, ikisaidiwa na upepo wa baharini. Sasa natumia maji ya mvua ninayokinga masika kwenye pipa, yakiisha nanunua mtungi. Nikimaliza nafuta kwa kitambaa kikavu na kupaka tone la mafuta ya cherehani. Na karai namwaga kila jioni. Jiwe likilala majini, upande uliozama unanyonya na kuwa mzito, kesho yake mashine inadunda.

Malalamiko ninayo. Jiwe la mashine yangu lilikuja halijakaa duara sawasawa, nikapoteza mchana mzima kulisawazisha. Mota imeandikiwa dakika 30 kisha ipumzishwe, na hilo si maneno tu, maana ikizidi inachemka hadi unasikia harufu. Inarusha maji mezani, kwa hiyo usiiweke karibu na mbao iliyokwisha kupigwa msasa. Mgongo wa patasi siunyooshi nayo kabisa. Hiyo kazi naifanya kwa msasa wa maji uliobandikwa kwenye kioo kinene, na inafanywa mara moja tu kwa kila patasi mpya. Bobari, zile patasi za mbonyeo, pia nanoa kwa mkono, kwa ngozi iliyolazwa kwenye mfereji wa mti, maana sina kishikizi chake. Na stima ikipotea, kinoo cha ami kiko palepale dirishani.

Kama una patasi mbili za kutengenezea kitanda chako, usinunue, kinoo kizuri cha pande mbili kinakutosha. Ila kama una karakana, na wiki ikiisha umenoa vyombo ishirini, mimi nasema nunua, tena ungoje upate yenye mota ya kwenda muda mrefu.

Ile patasi ya droo niliitoa mwezi uliopita. Ilibidi kukata milimita nne nzima kurudi nyuma, mpaka buluu yote itoke na nifike kwenye chuma kizima, na hapo polepole ya mashine hii niliionja kweli: dakika 50, kwa vipande viwili, na mota ikapumzika katikati. Muda wote nilikuwa nakigusa chuma kwa kidole, kilikuwa baridi kama mtungi. Niliijaribu kwenye kichwa cha ubao wa mvule, pale nyuzi za mti zinapokutazama. Ilishusha kipande kimoja kizima, chembamba, na pale ilipopita paling'aa kama pamepakwa nta. Kipande hicho nimekiweka kwenye boksi la misumari la ami. Patasi imerudi ukutani, ya kwanza kutoka mlangoni, na wiki hii ndiyo niliyochimbia bawaba za milango sita.