Mazoezi baada ya kiharusi: eti nikifika chooni mwenyewe yatosha

Nilijipa siku kadhaa hasira ipoe kabla ya kuandika. Haijapoa.

Kuna kituo cha mazoezi tiba hapa Kigoma mjini, sikitaji jina. Nilianza kwenda pale baada ya kiharusi kunikuta kabla ya masika, upande wa kushoto wote ukalegea. Nina miaka 36. Presha nilikuwa nayo bila kujua, kwa hiyo mliokuja kuninong'oneza kwamba nimechezewa, mnisamehe.

Siku ninayoisema nilikwenda kupimwa upya. Kijana wa mapokezi akaona fimbo, uso hakuutazama. "Bibi, kaa hapo." Bibi! Sidhani kama nimemzidi hata miaka kumi. Nikanyamaza. Ndani, mtaalamu akamgeukia mdogo wangu: "Anakula vizuri? Chooni anaenda mwenyewe?" Nami nipo katikati yao kama gunia la mihogo. Kiharusi kilichukua mkono na mguu, ulimi kiliniachia.

Akanipima. Simama umefumba macho, okota kiatu sakafuni, zunguka, simama mguu mmoja. Majaribio 14, alama 56. Nikapata 50. Akafunga faili anatabasamu, sasa niwe nakuja mara moja kwa mwezi.

Nikamwambia, daktari, mimi nanunua dagaa Kibirizi. Boti ikifika, ukisubiri ufukweni unaletewa masalia. Wenzangu wanapita juu ya ubao, wanaingia ndani, wanachagua. Ubao wenyewe umelowa, upana viganja viwili, na boti inacheza. Nataka nipite pale.

Akacheka. "Bibi, ukishafika chooni mwenyewe, unataka nini tena? Mshukuru Mungu."

Nimeshukuru na bado nashukuru. Lakini choo changu kiko hatua 12 kutoka kitandani, na watoto wangu wawili hawali hatua 12.

Nikaenda kusoma. Kipimo kile kinaitwa cha Berg, kilitoka Kanada mwaka 1989, na kilitengenezwa kwa ajili ya wazee. Katika majaribio yote 14 hakuna hata moja la kutembea! Hata moja! Yaani unaweza kufaulu vizuri kabisa, ukatoka nje ukaangukia mtaroni pale sokoni Mwanga. Kwenye sakafu yao ya marumaru hata mimi naonekana mzima. Ufukweni mchanga unazama, vidole vinaburuta, kandambili ya kushoto inachomoka na wala husikii, na hapo hapo mtu anakuita huku unapiga hesabu ya bei kichwani. Mazoezi niliyoyataka ni hayo: kutembea huku nageuza shingo, kutembea huku nahesabu, kuruka kijiti, kusukumwa kidogo nijizuie. Mtu wa miaka 80 labda hayahitaji. Labda naye anayahitaji, ila hakuna anayemuuliza.

Nilitaka niishie hapa niseme msiende.

Tatizo ni kwamba kanga ninayofunga kiunoni mpaka leo, aliyetufundisha ni mtaalamu huyo huyo. Wiki za mwanzo mdogo wangu alikuwa ananinyanyua kwa kuvuta ule mkono uliolegea. Jamaa akamfokea, maana huyu anafokea kila mtu: "Utamng'oa bega!" Akachukua kanga, akaizungusha kiunoni kwangu, akakaza, akamwonyesha mahali pa kushika kwa nyuma. Fimbo akaihamishia mkono wa kulia, ulio mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, mgonjwa utangulie kushuka. Kitandani nilitoka kwa mikono yake, siwezi kudanganya. Na benchi siku ile lilijaa mpaka nje kwenye mwembe, peke yake na watu wote wale.

Haya, foleni naielewa. Ila foleni ndiyo iliyomtuma aniite bibi? Nyota mbili. Tatu, kwa ajili ya kanga. Hapana, mbili.

Nyumbani tumelaza ubao uani, kwanza chini, kisha juu ya matofali mawili, mdogo wangu kashika kanga nyuma. Siku za mbalamwezi boti zilipopumzika tukateremka Kibirizi, kaka mmoja mwenye boti akatuwekea ubao wake na kusimama majini pembeni yangu. Mara ya kwanza nilifika. Mara ya pili mguu mmoja uliingia ziwani mpaka gotini, tukacheka wote, kisha nikalia sijui kwa nini.

Keshokutwa ndiyo siku yangu ya mwezi pale kituoni. Nimeshaongea na dereva wa bajaji, amesema ubao utaenea.