Upenu wa mashine ya kufulia na friza, uzoefu wangu baada ya mwaka

Kama mashine yako ya kufulia imekaa sebuleni imefunikwa kitambaa kama meza ya TV basi tuko wote. Yangu ilikaa hivo miezi 5. Friza nayo ilikua koridoni, na mi nauza barafu na juisi ya ukwaju, kwahiyo watoto wa mtaa wanaingia mpaka ndani na miguu yao ya vumbi, mume wangu akachoka akasema tujenge upenu pale pembeni ya jiko vitu vyote vihamie huko.

Tuko Kigamboni, Dar. Kati ya nyumba na ukuta wa jirani kuna kama mita 3 hivi, na mlango wa jikoni unatokea hukohuko. Fundi tulimpata kupitia shemeji yangu, tukakubaliana upenu wa mita 3 kwa 2, tofali za inchi 6 mpaka kiunoni, juu wavu na grili, bati geji 28 linashukia nje. Ufundi laki 3, vifaa nanunua mwenyewe. Siku 6 kamaliza. Kwa kazi ya mikono nampa maksi zake zote, saa moja asubuhi kashafika, hana stori nyingi, na sakafu aliyomwaga mpaka leo haina ufa hata mmoja.

Sasa siku ya kuhamisha mashine. Tumeibeba watu wanne, ile kitu ina kilo 60 na zaidi, tunafika mlangoni haipiti. Tunaigeuza hivi, tunaigeuza vile, jua kali, jasho, jirani kashatoka kuangalia. Mwanangu wa darasa la tatu ndo akauliza, mama, kwani hamjapima? Kumbe fundi kaweka fremu ya choo, ya futi 2. Futi 2 ni sentimita 61, mashine ina 60, unaweza ukasema si inapita, ila hiyo 61 ni fremu kwa nje, ukitoa mbao za pande zote mbili uwazi unaobaki ni kama 51. Fremu ikang'olewa, tofali zikakatwa, tukaweka ya futi 2 na nusu. Nusu ya kosa ni langu, maana nilimwambia "fundi weka kamlango kadogo tu". Ningempa karatasi yenye vipimo vya mashine na friza kabla hajapanga tofali hata moja, hela ya fremu nisingeitoa mara mbili.

Basi nikajua yameisha. Mwezi wa kumi na moja ikaja mvua ya usiku, yenye upepo, nasikia umeme pah, umekata. Natoka na tochi nakuta maji yanateremka ukutani kama bomba, yananyooka hadi kwenye soketi. Mahali bati linapokutana na ukuta wa nyumba fundi aliziba kwa sementi tu, akalainisha vizuri mpaka unapendeza kwa macho. Shida ni kwamba bati linatanuka mchana kwa jua na usiku linasinyaa, ukuta wenyewe hausogei, kwahiyo hiyo sementi ya katikati lazima iachie, na yangu iliachia ndani ya miezi 3. Alafu mteremko ulikua mdogo, sentimita 15 kwa mita 2 zote, upepo ukipiga maji yanarudishwa juu.

Fundi wa kwanza kashasafiri kwao, nikaita mwingine. Huyu alikuja na grenda akachana mfereji ukutani, akaingiza flashingi, kile kibati kilichokunjwa, sehemu moja imezama ukutani nyingine imelalia juu ya bati, akamalizia na silikoni ambayo inavutika. Upande wa nje akaushusha mpaka mteremko ukawa sentimita 35. Laki 2 na nusu hiyo, na ndo hela iliyoniuma kuliko zote maana flashingi yenyewe haikufika hata elfu 40, iliyobaki yote ni kubomoa na kurudia. Masika nzima imepita halijaingia tone.

Umeme usifanye ujanja wa extension kupitishwa dirishani. Mashine ikianza kupasha maji moto inakula wati 2000 peke yake, na friza iko palepale. Fundi umeme alinivutia laini yake toka mein switchi, waya wa milimita za mraba 2.5, na ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), na breka yake inayokata yenyewe ikihisi umeme unavuja. Ndo hiyo iliyopiga pah usiku ule, na bora ilipiga, maana nilikua pekupeku kwenye maji. Soketi nimezihamishia ukuta wa pembeni, usawa wa kifua.

Friza ilinisumbua kivyake. Chini ya bati tupu saa nane mchana ni tanuri, friza inanguruma haipumziki, luku ya elfu kumi iliyokua inafika siku 6 ikawa inaisha ya nne. Nikapigilia mabaki ya silingibodi ya chumbani chini ya kenchi, zile mbao za paa, friza nikaivuta sentimita 15 kutoka ukutani ipumue kwa nyuma, wavu wa juu nikauacha wazi. Sasa hivi luku imerudi siku 5 na kitu.

Maji nayo, kama unatumia tangi angalia kitabu cha mashine kinataka presha ngapi. Yangu inataka bar 0.5. Tangi letu liko mita 3 juu, na mita 10 ndo zinakupa bar 1, piga hesabu mwenyewe. Ilikua inajaza dakika 20 alafu inagoma inaandika makosa. Nimeweka kapampu kadogo.

Watu wananiuliza mbona mtungi wa gesi na jenereta sijaviweka humo wakati nafasi ipo. Gesi ikivuja inalala chini, na friza inajiwasha na kujizima hapohapo chini, cheche moja tu inaweza kuilipua. Jenereta ndo kabisa, moshi wake utaingia jikoni kwa mlango uleule. Mtungi uko nje kwenye kibanda chake cha tofali.

Kwa jumla ni kama milioni 1 na laki 8 pamoja na marekebisho na umeme. Ninavyouona leo upenu wenyewe ni nyota 4, fundi wa kwanza nyota 3, na sebule yangu imerudi kua sebule. Kilichobaki ni gata upande wa nje, mvua ikinyesha maji ya bati yanarukia ukuta wa jirani na kashaniambia mara mbili kwa upole. Nimeambiwa laki na ishirini, nasubiri mwezi uishe.