Kusimulia au kitabu cha picha: Kiingereza kwa watoto wa Mombasa

Mwalimu wa gredi ya kwanza Likoni au Kisauni ana njia mbili za kuwafundisha watoto Kiingereza kwa hadithi: asimulie kwa mdomo, au awafungulie kitabu cha picha.

Kusimulia hakuna gharama. Ukiita "Paukwa!", darasa zima linaitika "Pakawa!", na hapo masikio yameshafunguka. Kila fisi anapotokea, mwalimu anarudia sentensi ileile fupi ya Kiingereza, kwa sauti na kwa mikono. Haichukui muda watoto wanaisema kabla yake. Hata walioketi nyuma kabisa wanafuata. Taabu ni kwamba neno lisiloigizika hupotea hewani, na mwalimu asiyejiamini kwa matamshi huishia kusimulia kwa Kiswahili tu.

Hapo ndipo kitabu kinaposaidia. Picha hubeba maana, sentensi iko tayari, na mtoto aliyeipenda anaweza kuurudia ukurasa peke yake. Ila nakala moja haitoshi darasa kubwa, na picha za theluji humkwamisha mtoto wa pwani. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za picha za bure, nyingi kwa Kiswahili na Kiingereza, na unaweza kuzichapisha.

Darasani, mimi ningeanza na kusimulia, hadithi moja wiki nzima. Kitabu kije watoto wakishaijua. Nyumbani, ukiwa na mmoja au wawili mapajani, kitabu kitangulie.